Kitabu cha Tano cha Mapacha wa Juzi

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu ameondoka alfajiri na lori. Mzigo wa vigae, anavuka mpaka, akirudi mapema ni mwisho wa wiki ijayo. Mlangoni akasema Profesa amtunze anti, na anti amtunze Profesa. Profesa ni binti yake. Binti hakucheka. Alikuwa anakunywa chai huku anasoma, kitabu kakiegemeza kwenye chupa ya chai.

Basi tumebaki wawili. Tangu niolewe humu sijawahi kubaki naye peke yangu muda mrefu hivi. Baba yake alitaka aniite mama mdogo. Yeye akachagua anti. Anti ni yule wa dukani, anti ni mwalimu wa chekechea. Sawa. Jina halilazimishwi.

Nimemuuliza vitabu vyake vinahusu nini.

“Mapacha.”

Wanafanya nini hao mapacha?

“Wanarudi nyuma.”

Nyuma wapi?

“Nyuma tu, anti.” Akafunua ukurasa. Mazungumzo yakaishia hapo!

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekuwa mwizi. Alipokwenda shule nimechukua kitabu cha kwanza kwenye rafu yake, nikakitia mkobani, nikaenda nacho kazini, kwenye duka la kushona mapazia. Mfululizo unaitwa Mapacha wa Juzi. Viko saba, yeye ana sita.

Nimekisoma wakati wa chakula cha mchana, nimejificha nyuma ya marobota ya vitambaa. Shoga yangu wa cherehani ya pili akanifuma. Akauliza kwa sauti, duka zima lisikie, kama nimerudishwa darasa la nne. Bosi mwenyewe akacheka na pini zake mdomoni.

Wacheke. Kitabu kitamu! Pacha wa kike na pacha wa kiume wanaingia kwenye tanuri la mkate lililozimwa siku nyingi, wanatokea wakati ule mtaa wao haujajengwa. Masharti matatu. Mlango lazima uwe kitu kitupu chenye giza. Msafiri abebe kitu cha mtu anayemwendea huko nyuma. Na mtu mzima yeyote asijue.

Nimeshona pazia moja juu chini. Nimelifumua lote.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna maji. Nimetoka kazini na vumbi la vitambaa mpaka puani, nafungua bomba – linakohoa tu.

Nimemshukia Mzee Funguo, msimamizi wa jengo letu. Kila nyumba ina tangi lake juu ya paa, na yeye ndiye anayewasha pampu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Akaapa tangi letu lilijaa pomoni. Akaniuliza tunafuga samaki au tunaogesha mtaa mzima. Nikamwambia basi bomba linavuja mahali. Akasema bomba haliwezi kuvuja halafu sakafu iwe kavu. Tumeachana kila mmoja kanuna.

Profesa alikuwa chumbani kwake, kimya. Nilipopita alisema pole kwa maji, anti. Nikashangaa. Hajawahi kunipa pole ya kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekamatwa!

Kitabu cha pili nilikirudisha jana, mahali pake, mgongo umetazama nje kama alivyouacha. Lakini nilisahau uzi. Uzi wa bluu niliokuwa nautumia kama alama. Asubuhi akaja jikoni ameushika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota unywele kwenye chakula.

“Anti, huu wa nani?”

Ningedanganya nini? Mimi ndiye nashona humu. Nikasema wangu. Nikasema nilitaka kujua anasoma nini. Nikasema kile cha pili kimenipendeza, ile sehemu wanaingia kwenye buti la basi bovu na pacha wa kiume anabanwa na chafya.

Uso wake ulifunguka kidogo. Kidogo tu! Akauliza kama nilijua mapema kuwa dereva wa basi ndiye babu yao. Nikasema sikujua kabisa. Akasema yeye alijua tangu mwanzo, kwa sababu ya masikio. Tukakaa hivyo, tunaongelea masikio ya dereva, mayai yanaungua.

Nikaharibu mwenyewe. Nikasema, basi niazime na vingine mpaka cha tano, hicho unachosoma sasa, halafu nitakungoja.

Uso ukajifunga pale pale. “Cha tano usisome.”

Kwa nini?

“Hakifai kwa watu wakubwa.”

Mchana niliporudi kutoka sokoni rafu ilikuwa tupu. Vyote sita kavificha.

Jumapili, 9 Machi

Sina raha.

Kabatini mwetu, chini kabisa, kuna sanduku la marehemu mama yake Profesa. Sijawahi kuligusa. Mume wangu hajaniambia nisiliguse, lakini mambo mengine huambiwi. Leo natafuta shuka, nikaona zipu imeachwa wazi nusu. Mkono wa nguo umechomoza.

Najua lina nini kwa kuwa siku moja nilimwona mume wangu amelifungua, amekaa sakafuni. Sweta la njano ndilo lililokuwa juu. Sasa halipo.

Nikamngoja mtoto aingie kuoga, nikaenda chumbani kwake. Aibu yangu! Begi la shule halina madaftari. Lina sweta. Lina tochi. Lina pakiti ya biskuti na kamba ya kuanikia nguo, ile niliyodhani imeibwa uani.

Anataka kutoroka. Nimewaza moja kwa moja: kwa bibi yake, mama wa marehemu, ile safari ya basi ya kutwa nzima. Na kosa litakuwa langu. Watasema mama wa kambo kamfukuza mtoto, na nani atakayebisha?

Mume wangu alipiga jioni. Yuko kwenye foleni ya mpakani, sauti inakatika. Akauliza Profesa anakula? Nikasema anakula. Ni kweli. Mengine sikusema. Mtu yuko kwenye usukani, nimwambie nini – tochi na biskuti?

Nimempigia bibi wa mtoto, nikamwomba, akimwona mjukuu wake pale anijulishe hapo hapo. Akauliza taratibu kama nampiga. Nikasema hapana, mama. Akasema haya.

Mpaka sasa hiyo haya inanikaa kooni.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimempandishia sauti.

Nimerudi mapema, bosi hana umeme. Nafungua mlango nasikia maji. Bomba la bafuni liko wazi mpaka mwisho, maji yanaingia shimoni kwa kishindo, hakuna ndoo, hakuna mtu. Mtoto yuko mezani anafanya hesabu, ameligeuzia bafu mgongo.

Nikafunga. Nikauliza. Akasema amesahau.

“Umesahau? Sauti yote hiyo umesahau?”

Akaandika namba moja zaidi.

“Na Alhamisi ulisahau? Mzee wa watu nimemtukana bure?”

Hakulia. Alichukua kitambaa akaenda kupangusa sakafu ya bafu ambayo ilikuwa kavu. Aliipangusa muda mrefu. Nimesimama mlangoni namwangalia kisogo, nikaona kila neno nililobakiza halina kazi.

Shoga yangu anasema watoto wa msiba hufanya hivyo, wanaharibu vitu kukupima. Nimpe upendo na nimfiche funguo. Funguo zipi? Sina hata nguvu ya kucheka.

Jumatano, 12 Machi

Siku njema! Ameosha vyombo bila kutumwa. Amekunja nguo zangu, soksi kwa soksi. Wakati wa kula aliniuliza kesho nitatoka kazini saa ile ile ya kila siku? Nikasema ndiyo, tena nina kazi ya kupima madirisha kwa mteja, huenda nikachelewa kidogo. Akasema usijali anti, nitajipashia chakula.

Labda kelele za jana zimesafisha hewa. Labda ndivyo familia zinavyoanza.

Ila bomba la jikoni linatoa maji kama uzi. Kesho asubuhi nampigia Mzee Funguo atujazie tangi hata kama si zamu yetu. Nimechoka kuoga kwa kikombe.

Alhamisi, 13 Machi

Mtoto amelala. Naandika ili nisirudi kumwamsha. Nimeshaenda kumtazama mara nyingi mno, anapumua vizuri.

Asubuhi nilimpigia Mzee Funguo. Akasema mchana, akishamaliza nyumba za chini. Nikamshukuru. Niandike vizuri, nisije nikajificha: mimi ndiye niliyeomba maji.

Mteja wa madirisha anakaa karibu na maktaba ya mji. Nilipomaliza kupima nikaipita, kisha miguu ikarudi yenyewe. Nikaingia, nikamuuliza mkutubi kama wana Mapacha wa Juzi cha tano. Akatazama futi yangu ya fundi shingoni, akatabasamu, akasema kipo, kinapendwa sana. Nikakaa kwenye ngazi za nje. Sikuanza mwanzo. Nilifunua nikitafuta mlango tu, kwamba safari hii wanapita wapi.

Wanapita kwenye tangi la maji. Juu ya paa.

Wanalifungua bomba la jikoni kidogo kidogo, siku kadhaa, mpaka tangi linakauka bila mtu kushtuka. Wanapanda na kamba. Pacha wa kike amevaa kanzu ya bibi yake, kwa kuwa ndiye wanayemfuata. Wanafunika mfuniko juu yao. Na kwa mara ya kwanza katika vitabu vyote hawaendi kutazama tu. Wanaenda kumwambia mtu neno ambalo hakuambiwa.

Nilimpigia Mzee Funguo. Simu inaita, haipokelewi. Anaiachaga kibandani akiwa kwenye pampu! Nikakimbia. Kitabu sikukirudisha wala sikukiazima, nimetoka nacho tu, mkutubi ananiita nyuma. Nilisimamisha pikipiki, nikamwambia dereva nenda, akauliza wapi, nikamwambia nenda!

Getini nikaisikia pampu inanguruma.

“Zima! Mzee, zima!”

Alidhani moto. Akazima, akanifuata akiuliza kuna nini, nami siwezi kusema, napanda ngazi. Mlango wa paa ulikuwa wazi. Ufunguo wake mtoto aliutoa kwenye msumari wa kibandani – mzee akapiga kelele ya hasira alipouona kwenye kufuli, kisha akaelewa.

Tangi letu ni lile jeusi la pembeni. Kamba yangu ya nguo imefungwa kwenye bomba, ncha yake imekatika. Mfuniko umefunikwa.

Nikaufunua. Giza, na harufu ya plastiki. Kisha tochi ikaniangaza usoni.

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Amesimama kwa ncha za vidole, sweta la njano limelowa, linamvuta chini, mikono mirefu ya sweta inaelea. Alikuwa ameshapiga kelele mpaka sauti imekwisha. 

Mimi sipiti kwenye tundu lile, mwili wangu haupiti. Nikalala juu ya tangi kifudifudi, nikaingiza mikono yote. Nikamshika viganja. Vimechubuka, amekuwa akijaribu kupanda, kuta zinateleza. Nikamwambia nimekushika. Nikamwambia maji yamezimwa. Nikamwambia chochote kilichokuja mdomoni, hata habari za masikio ya dereva wa basi. Mzee Funguo akaleta ngazi fupi, akaishusha, mtoto akapanda hatua moja, akateleza, akapanda tena. Sweta lile zito kama mtu mzima!

Alipotoka hakunikumbatia. Alikaa juu ya zege anatetemeka na kukamua mkono wa sweta. Kamua, kamua. Mzee Funguo akavua koti lake akamfunika, akaenda pembeni akaipa kisogo dunia. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

Ijumaa, 14 Machi

Shule hajaenda. Kazini nimesema naumwa. Daktari wa zahanati amemsikiliza kifua, hakuna maji, amempaka dawa viganjani. Akauliza imekuwaje. Nikasema ajali ya tangi. Mtoto akanitazama aone kama nitaendelea. Sikuendelea.

Tuliporudi nikamtengenezea uji, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake. Nilisema nimekisoma cha tano, sehemu ile tu.

“Najua ni hadithi, anti. Mimi si mjinga.”

“Sikusema mjinga.”

“Nilitaka tu nijue nimejaribu.”

Akanywa uji. Nami sikuuliza. Mara hii moja maishani mwangu nimenyamaza wakati wa kunyamaza! Kisha yakatoka, polepole, analiambia bakuli.

Mama yake alianguka. Ilikuwa Alhamisi, anapiga pasi sare ya shule. Akaanguka tu, pasi ikaunguza meza. Akainuka akicheka, lakini mdomo ulikuwa umekaa upande, na mkono mmoja ulikuwa na ganzi. Akapumzika kidogo, mdomo ukarudi. Akamwambia usimwambie baba, ataacha safari bure, mimi nimechoka tu. Jioni ile ile mume wangu akaondoka na lori. Jumapili mama hakuamka.

“Baba alikuwa mlangoni anafunga viatu,” akasema. “Mimi nimesimama pale. Akaniuliza, Profesa, mbona umenuna? Nikasema jino linauma.”

Jino linauma.

Nikampokonya bakuli maana lilikuwa linamwagika. Nikamwambia alikuwa mtoto, aliyekosea ni mkubwa aliyempa mzigo ule, na hata huyo mkubwa hakujua. Nikamwambia labda baba angeahirisha, labda asingeahirisha, labda hospitali ingefaa, labda isingefaa. Sikumwambia uongo kwamba isingebadilisha kitu. Sijui. Hakuna anayejua. Alisikiliza kama mtu anayehesabiwa chenji, aone kama nitampunja.

Halafu akanishika mkono. Yeye mwenyewe! Akasema:

“Usimwambie baba.”

Nilishafungua mdomo niseme sawa. Ningempa lolote wakati ule, mkono wake uko juu ya wangu. Ndipo nikayasikia maneno yenyewe. Ni yale yale.

“Hapana,” nikasema. “Hilo siwezi kukuahidi.”

“Anti!”

“Utamwambia wewe, nami nitakaa karibu. Au nitamwambia mimi, na wewe utakaa karibu. Lakini halitakaa humu ndani tena.”

Akaondoa mkono. Akageukia ukutani. Hajasema nami tangu hapo. Nimepeleka chakula, nimekitoa kama kilivyo.

Nimejaribu kuwaza kwamba nimefanya vizuri. Haiingii.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu amepiga asubuhi, ameshavuka, mchana yuko nyumbani. Anaimba kwenye simu! 

Nimemshukia Mzee Funguo, kumwomba asiyaseme getini kabla sisi hatujayasema. Ameweka kufuli mpya ya paa, kubwa kama kichwa cha paka, na ufunguo ameuvaa shingoni. Akasema hatafungua mdomo, lakini baba mtu akimuuliza hatadanganya. Nikasema wala mimi sitaki adanganye.

Niliporudi mtoto alikuwa ameoga, amevaa, amekaa sebuleni na viganja vyake vilivyofungwa bendeji juu ya magoti. Nikamuuliza amejiamulia nini. Akavuta ncha ya bendeji. Nikasema basi baba akishakula, nitaanza mimi. 

Amekuja mchana, ana harufu ya dizeli na machungwa. Ameniinua mimi, akataka kumwinua Profesa, akaziona bendeji. Nini hiki? Nikamtazama mtoto. Mtoto akasema, nilianguka. Si uongo. Si kweli pia. Nikafikiri ndiyo imepita hivyo, tumeanza upya kuficha.

Mume wangu hakukaa hata kitini. Akaingiza mkono kwenye begi kwa mbwembwe, kama wale wa mazingaombwe, akatoa kitabu. Cha saba! Kile cha mwisho! Amekipata duka la mpakani, amekilaza kwenye kiti cha lori safari nzima kisichafuke. Akasema sasa Profesa atatuambia hao mapacha walirudi nyumbani au walipotelea huko huko.

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama jalada. Nilimwona anavyokitaka. Kisha akakiweka mezani, akakisukumia mbali naye kidogo.

“Baba, kaa kwanza.”

Akacheka. “Mbona kama mwalimu mkuu?”

“Kaa.”

Akakaa. Aliponitazama hakuwa anacheka tena. Nikavuta kiti na mimi, nikae karibu kama nilivyoahidi. Mtoto akatikisa kichwa.

“Anti, ningoje jikoni. Usiende mbali.”

Naandika haya nimeegemea sinki. Mlango sikuufunga wote. Maneno hayafiki, sauti tu. Ni ya mtoto peke yake, nyembamba, haisimami. Mara moja nimelisikia neno pasi. Mara moja nimesikia viatu.

Ya baba yake siisikii.  Mume wangu ambaye hawezi kumaliza dakika bila kuongea, hajasema kitu.

Sasa na mtoto amenyamaza.

Nisubiri. Amesema ningoje, nangoja.

Kiti kimeburuzwa. Kimoja. Sijui kimeburuzwa kuelekea mlangoni au kuelekea kwa mtoto.